Kindi wa Miti na Kindi wa Ardhini: Namna ya Kuwatambua

Kindi ni mgugunaji. Meno yake ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua mpaka siku ya kufa, na kazi ya kuguguna ndiyo inayoyazuia yasipite kiasi. Kwa sifa hiyo yuko kundi moja na panya, nungunungu na ndezi. Ndani ya kundi hilo kindi wana familia yao wenyewe, Sciuridae, yenye spishi zaidi ya 280 duniani. Familia hiyo imegawana makazi kwa namna tatu. Wako wanaoishi mitini, wako wanaochimba mashimo na kuishi ardhini, na wako, katika Asia, Ulaya na Amerika, wanaotandaza ngozi iliyo kati ya mikono na miguu wakaambaa hewani kutoka mti mmoja hadi mwingine. Afrika Mashariki ina namna mbili za kwanza tu.

Majina yanayosikika zaidi katika Kiswahili ni matatu: kindi, kuchakuro na kidiri. Matumizi yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na jina linalomtaja mnyama wa mtini hapa huweza kumtaja wa shimoni kule. Upungufu huu unashangaza kidogo, maana lugha hiyohiyo imewatenganisha vizuri pimbi na perere, ndugu wawili wanaofanana sana: pimbi ni yule anayeota jua juu ya majabali, perere ni yule wa mtini anayepasua usiku kwa kelele zake. Kwa kindi hakuna mpaka wa namna hiyo uliokubaliwa na wote. Hapa basi jina kindi linabeba familia nzima, na pande zake mbili zinaitwa kwa makazi yao: kindi wa miti na kindi wa ardhini.

Mgawanyo huo wa makazi ndio unaozaa kosa la kwanza. Mtu humwona kindi chini, akahitimisha kwamba ni wa ardhini. Kindi wa miti wa Afrika Mashariki hushuka chini kila siku. Embe likianguka hulifuata, kokwa likidondoka huliokota, na wadudu walio kwenye majani makavu huwatafuta hukohuko. Baadhi ya spishi za vichakani hutumia saa nyingi za mchana ardhini kuliko matawini. Upande wa pili nao una vituko vyake: kindi wa ardhini huweza kupanda kichaka kifupi kufuata tunda au ua, akaonekana amekaa kwenye tawi kana kwamba amezaliwa hapo. Mahali mnyama alipoonekana pana thamani ndogo sana katika kumtambua.

Mkazi wa Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, ana nafuu katika jambo hili, kwa kuwa jiografia imemfanyia nusu ya kazi. Kindi wa ardhini wa Afrika Mashariki ni wanyama wa nchi kavu ya kaskazini. Mwambao wa Dar es Salaam, wenye mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hauko katika eneo lao. Mitaa ya Komakoma, Msisiri na Kisiwani imebanana kwa nyumba, na miti iliyosalimika ni miembe ya uani, mikungu ya kivuli, miarobaini na minazi ya hapa na pale. Si mahali ambapo kindi huonekana kila asubuhi. Lakini akionekana, hata akiwa amechutama mchangani katikati ya uwanja mweupe akila kokwa la mkungu, huyo ni kindi wa miti. Ndivyo ilivyo pia Kigamboni, Mbagala, Pugu na Bunju.

Kwingineko, ambako pande zote mbili zinaishi pamoja, kipimo bora kuliko vyote ni njia anayokimbilia. Kindi wa miti akishtuka huelekea kwenye shina. Hupanda kwa kasi, huzunguka upande wa pili wa mti ili shina liwe kati yake na adui, kisha hutulia amejibana kwenye gome. Mtu akizunguka, naye huzunguka. Kindi wa ardhini hufanya kinyume kabisa: hata akiwa amesimama chini ya mti mkubwa, akishtuka huuacha mti akakimbilia shimoni, na ikiwa alikuwa amepanda kichaka, hushuka kwanza ndipo akimbie. Hakuna alama ya manyoya yenye ushahidi mzito kama huo. Ubaya wake ni kwamba mnyama hutoa ushahidi wake mara moja na kutoweka, kwa hiyo mtazamaji makini huanza kwa kukaa kimya. Jina la Mwananyamala lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na maneno ya kumtuliza mtoto, yaani mwana nyamaza, na shauri hilo linamfaa sana mtu anayemwangalia kindi.

Akipatikana muda wa kumtazama, mwili wake nao una mengi ya kusema. Alama ya kwanza ni manyoya. Kindi wa miti ana manyoya laini yaliyosongamana, na chini ya nywele ndefu za juu kuna tabaka jingine la manyoya mafupi. Kindi wa ardhini wa Afrika ana nywele ngumu, chache, zilizolala juu ya ngozi kama za brashi iliyochakaa, na tabaka la chini karibu halipo. Tumboni nywele ni chache kiasi kwamba ngozi huonekana. Jina la kitaalamu la jenasi yake, Xerus, limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya ukavu, na anayemwona kwa karibu haulizi sababu.

Masikio ndiyo alama ya pili, na huenda ndiyo rahisi zaidi kwa mtu mwenye darubini. Kindi wa miti ana sikio la mviringo linalosimama na kuonekana wazi hata kwa mbali. Kindi wa ardhini wa Afrika karibu hana sikio la nje: pana ukingo mdogo wa ngozi kuzunguka tundu, basi. Kwa mnyama anayeingia na kutoka shimoni mara nyingi kwa siku, sikio kubwa lingekuwa chombo cha kukusanyia mchanga. Kichwa kisicho na masikio humpa sura ya kunyooka, kama cha mnyama aliyelowa maji. Kuzunguka jicho kuna duara jeupe lililokolea, lakini duara hilo lisitegemewe peke yake, kwani baadhi ya kindi wa miti nao wana weupe karibu na jicho.

Kucha na miguu hufuata kazi. Mpandaji huhitaji ndoana, kwa hiyo kucha za kindi wa miti ni fupi, kali na zilizopinda. Kifundo cha mguu wake wa nyuma huweza kugeuka hadi nyayo ikaelekea nyuma. Ndiyo maana hushuka shinani kichwa kikiwa chini, akining'inia kwa kucha za nyuma, jambo ambalo paka aliyepanda mwembe hujutia kutoliweza. Mchimbaji huhitaji jembe. Kucha za mbele za kindi wa ardhini ni ndefu, zimenyooka zaidi, na kwa mnyama mzima mara nyingi huwa zimelika kwa kazi ya udongo.

Mkia unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndio unaomtambulisha kindi kwa watu na ndio unaowapotosha pia. Pande zote mbili zina mkia wa manyoya. Kwa kindi wa miti ni chombo cha mizani: huunyoosha nyuma anapokimbia juu ya tawi, huuyumbisha anaporuka, na huupigapiga kwa hasira anapomkemea nyoka au ndege mkubwa, huku akitoa mlio wa harakaharaka. Mara nyingi ni mrefu sawa na mwili au kuupita. Kwa kindi wa ardhini mkia kwa kawaida ni mfupi kidogo kuliko mwili. Nywele zake hutawanyika kushoto na kulia, hivyo mkia mzima huonekana bapa kama unyoya mkubwa wa ndege, na anapotembea huubeba nyuma au huuinua juu ya mgongo.

Kuinua huko kuna sababu. Kusini mwa Afrika, katika jangwa la Kalahari, anaishi ndugu wa karibu wa kindi wa ardhini wa huku, Xerus inauris. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba saa za jua kali mnyama huyo huligeuzia jua mgongo, huukunja mkia juu ya kichwa na mwili, na hujifanyia mwavuli. Kivuli hicho humwezesha kuendelea kula juani kwa muda mrefu zaidi kabla ya kulazimika kurudi shimoni kupoa. Jambo la kufurahisha ni kwamba neno la Kigiriki lililozaa jina la familia nzima ya Sciuridae linafasiriwa kuwa mnyama mwenye kivuli cha mkia. Wagiriki walimpa jina hilo kindi wa miti wa Ulaya, anayeishi chini ya majani na asiye na shida kubwa ya kivuli. Anayelistahili zaidi yuko Afrika, kwenye vumbi.

Baada ya mkia watu wengi hukimbilia rangi, na hapo ndipo makosa huongezeka. Rangi ni shahidi mbaya. Katika misitu ya kusini mwa Tanzania yuko kindi wa miti aliyepewa jina la kitaalamu Heliosciurus mutabilis, na neno la pili linamaanisha mwenye kubadilika: manyoya mapya yana rangi moja, yakishapigwa na jua kwa miezi huwa na nyingine. Kindi wa ardhini naye huvaa rangi ya mahali. Katika nchi ya Tsavo, ambako hata tembo huonekana wekundu kwa vumbi wanalojimwagia, nywele ngumu za kindi hushika udongo uleule.

Mistari ya ubavuni nayo hudanganya. Vitabu vingi vya kigeni huwafundisha wasomaji kwamba kindi mwenye mlia ni wa ardhini, kwa sababu Amerika Kaskazini wako wengi wa namna hiyo. Afrika Mashariki kanuni hiyo huvunjika pande zote mbili. Kusini mashariki mwa Tanzania hadi Msumbiji anaishi kindi mdogo wa vichakani, Paraxerus flavovittis, mwenye mstari mweupe unaopita ubavuni, na huyo ni wa miti. Kaskazini, kindi wa ardhini anayepatikana kwa wingi zaidi hana mstari hata mmoja. Anayetegemea mistari atawakosea wote wawili.

Kindi wa ardhini wa Afrika Mashariki ni spishi mbili tu. Wa kwanza ni huyo asiye na mlia, Xerus rutilus, aliyepewa jina lake la kitaalamu mwaka 1828 kutokana na vielelezo vya ukanda wa Bahari ya Shamu. Anaenea kutoka nchi za Pembe ya Afrika, anapita Kenya katika maeneo makavu kama Samburu na Tsavo, na anaingia Tanzania upande wa kaskazini mashariki, katika nchi ya Mkomazi na nyika zinazofanana nayo. Urefu wa mwili wake bila mkia ni kama sentimita 20 hadi 26, na uzito kama gramu 300 hadi 400. Rangi ni ya mchanga au ya kahawia yenye wekundu, tumbo likiwa jeupe.

Wa pili ana mstari mmoja mweupe kila ubavu, kuanzia begani hadi karibu na nyonga. Huyu ni Xerus erythropus, mkubwa kuliko mwenzake. Uzito wake huweza kupita gramu 500, na wengine hukaribia kilo 1. Makazi yake ni savana ndefu ya Afrika kutoka Senegali hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Kwa wakulima yeye ndiye mwenye sifa mbaya zaidi, kwa kuwa hufukua mbegu za karanga na mahindi zilizopandwa jana na kuacha mstari wa vishimo kana kwamba mtu alipita na mchokoo.

Maisha ya shimoni ya kindi asiye na mlia yalichunguzwa nchini Kenya na Thomas O'Shea, na matokeo yakachapishwa mwaka 1976. Maeneo ya kutafutia chakula ya mnyama mmoja na mwingine yalionekana kuingiliana. Hakukuwa na mpaka unaolindwa, bali wanapokutana anajulikana nani ampishe nani. Hilo linamtofautisha na ndugu yake wa Kalahari, ambaye majike wake huishi kwa makundi. Asubuhi hatoki mapema. Husubiri jua lipashe ardhi moto, hutoa kichwa, husimama mlangoni wima kwa miguu ya nyuma akitazama huku na huku, ndipo aanze safari. Kusimama wima ni tabia yake ya mara kwa mara, hasa majani yakiwa marefu. Kindi wa miti naye huweza kuinuka hivyo, lakini mkao wake wa kawaida ni wa kujikunja, mgongo ukiwa na kibyongo na mkia umelala juu yake.

Upande wa miti una orodha ndefu zaidi, na hapa wanatosha wale ambao msomaji wa pwani anaweza kukutana nao. Katika misitu na vichaka vya mwambao, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Afrika Kusini, yuko kindi mwenye tumbo jekundu, Paraxerus palliatus. Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekaa Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea, ndiye aliyemtangaza kitaalamu mwaka 1852. Mgongo wake ni wa rangi ya majivu iliyochanganyika na kahawia; tumbo, miguu na uso vina rangi ya machungwa au nyekundu ya kutu; na mkia mara nyingi umekolea wekundu huohuo. Jina palliatus maana yake ni mwenye joho, na kweli mnyama huonekana kama aliyejitupia joho la kijivu juu ya kanzu nyekundu. Misitu ya pwani ya aina ya Pugu na Kazimzumbwi ndiyo nyumbani kwake, na Unguja yupo pia. Yeye ndiye anayewapotosha watu zaidi, kwa sababu hupenda kutafuta matunda na kokwa kwenye sakafu ya msitu, na kelele zake kwenye majani makavu humfanya mtu atarajie mnyama mkubwa mara tatu.

Mwenzake wa pwani ni Heliosciurus undulatus, ambaye jina la jenasi yake lina neno la Kigiriki la jua. Alitangazwa kitaalamu na Mmarekani Frederick True mwaka 1892. Anapatikana kusini mashariki mwa Kenya, kaskazini mashariki mwa Tanzania, na katika visiwa vya Unguja na Mafia. Huyu hushikamana na matawi zaidi kuliko yule wa tumbo jekundu. Rangi yake ni mchanganyiko wa kijivu na manjano hafifu, kila unywele ukiwa na mapete yake, na alama yake kuu ni mkia: mwembamba, mrefu kuliko mwili, wenye pete za rangi nyeupe na nyeusi zinazopishana kutoka shinani hadi ncha. Kindi wa ardhini hana mkia wa pete kama huo. Akionekana kwenye mnazi au mwembe asubuhi, amejilaza juu ya tawi akiota jua, pete hizo zinatosha kufunga shauri.

Bara, vichaka vya kati vya Kenya na Tanzania vina kindi mdogo wa rangi ya manjano yenye vumbi, Paraxerus ochraceus, aliyepewa jina mwaka 1880. Mwili wake ni wa sentimita 15 hivi. Magharibi na kusini, kwenye miombo, nafasi yake huchukuliwa na Paraxerus cepapi, anayelala kwenye matundu ya miti na kushinda ardhini kwa sehemu kubwa ya siku.

Mtihani wenyewe hasa uko Tsavo na Mkomazi, ambako yule mdogo wa manjano na kindi wa ardhini asiye na mlia huishi katika nyika moja. Wote wawili hawana mistari, wote wana rangi ya ardhi kavu, wote huonekana chini. Msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwa basi, akapita Chalinze, Segera na Mombo, hufika Same akiwa ameacha nyuma kanuni ya pwani kwamba kila kindi ni wa miti. Huko inabidi atazame. Ukubwa husaidia: wa ardhini ni mkubwa kwa karibu nusu tena. Masikio husaidia zaidi, kwani yule mdogo ana masikio yanayoonekana. Mwendo nao hutofautiana. Mdogo huenda kwa mirukoruko mifupi na kusimama ghafla, mkia ukitikisika. Wa ardhini hutembea taratibu pua ikiwa chini, kama mtu aliyepoteza sarafu, kisha akikimbia hukimbia moja kwa moja. Na kama kawaida, kishindo kidogo humaliza ubishi: mmoja atakwenda kwenye mgunga, mwingine kwenye shimo.

Mnyama asipoonekana, alama zake husalia. Shimo la kindi wa ardhini huwa mahali pa wazi au chini ya kichaka, kwenye udongo mgumu au kando ya kichuguu, likiwa na matundu zaidi ya moja na udongo uliomwagwa mbele. Kindi wa miti halali ardhini. Hulala kwenye tundu la shina au kwenye fungu la majani alilolitia katika panda ya matawi. Nyayo za wote zina vidole 4 mbele na 5 nyuma. Wa miti akiruka mchangani, nyayo zake mbili za mbele kwa kawaida huangukia sambamba, nyayo za nyuma zikitua mbele yake. Za wa ardhini hukaa kimshazari, moja ikitangulia nyingine. Alama hii inahitaji mchanga mzuri na subira, na haifai kutumiwa peke yake.

Makosa mengine hayahusu kindi hata kidogo. Kipimo cha haraka ni saa. Kindi wote wa Afrika, wa miti na wa ardhini, ni wanyama wa mchana. Kilichopita ukutani saa nne usiku si kindi. Huenda ni panya buku, mwenye mkia mrefu usio na manyoya, ambao nusu ya mwisho ni nyeupe. Kilicholia juu ya mnazi na kung'arisha macho mwangani ni komba, na yeye ni jamaa wa nyani, mwenye mikono yenye vidole vya kushikia. Wako pia wanyama wa misituni wenye ngozi ya kuambalia na magamba chini ya mkia, wa jenasi Anomalurus, ambao vitabu vya zamani viliwaita kindi wanaoruka. Nao ni wa usiku, na ukoo wao uko mbali na kindi.

Mchana mkosewa mkubwa ni nguchiro. Yule mwembamba hupanda miti vizuri, na mkia wake wenye ncha nyeusi huonekana kwa nukta moja kabla hajatokomea kwenye majani. Lakini nguchiro ni mla nyama, ana uso mrefu uliochongoka, na hakai akashika chakula kwa mikono miwili kama kindi. Katika misitu ya Pugu yuko sange mkubwa, mweusi nyuma na mwekundu mbele, anayefukua majani sakafuni kwa pua ndefu inayopindapinda. Anayemwona kwa mbali humdhani kindi wa tumbo jekundu. Mkia wake ulio karibu utupu, kama wa panya, humtoa katika mashaka.

Kuhusu ukoo, mgawanyo wa miti na ardhini hauendi ndani sana kama unavyoonekana kwa macho. Mwaka 2003 John Mercer na Louise Roth walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kindi wa dunia nzima. Kindi wa ardhini wa Afrika na kindi wa miti wa Afrika walionekana kuwa tawi moja kubwa, ambamo wamo pia kindi wa ardhini wa Amerika na Asia. Kindi wa miti wa Ulaya na Amerika, yule wa bustani za London na New York, yuko tawi jingine. Kwa maneno mengine, kindi wa mwembe wa pwani ni ndugu wa karibu zaidi wa mchimbaji wa Mkomazi kuliko wa yule wa London anayefanana naye sana. Hii pia ndiyo sababu ya kutahadhari na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kindi wa ardhini wa kule hulala shimoni miezi mingi ya kipupwe, mwili ukipoa karibu na barafu. Wa Afrika hawalali hivyo. Mwaka mzima hutoka nje, na anayekuta mashimo yasiyo na dalili ya kutumiwa asidhani mwenyewe amelala tu ndani.

Mwandishi aliyefanya zaidi kuwaeleza wanyama hawa kwa picha ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora mwaka 1935, ambaye juzuu lake kuhusu sungura na wagugunaji wa Afrika Mashariki lilitoka mwaka 1974. Michoro yake ya vichwa na miguu bado inafaa kuliko picha nyingi za rangi, kwa sababu inaonyesha sikio na ukucha, vitu ambavyo picha ya mnyama aliyeinamia chakula huvificha.

Mara nyingi mnyama wa kutambuliwa hupatikana akiwa amekufa, amegongwa barabarani. Haifai kumshika kwa mikono mitupu. Mwaka 1985, katika nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, virusi vya mpox vilipatikana katika kindi wa miti aliyekutwa mgonjwa, na hata bila hivyo viroboto na kupe wa mgugunaji aliyekufa hutafuta mwenyeji mpya. Kwa glavu au kwa kijiti hulazwa ubavu, na vipimo huchukuliwa kwa mpangilio: urefu kutoka pua hadi shina la mkia, urefu wa mkia bila nywele za nchani, urefu wa nyayo ya nyuma bila kucha, na urefu wa sikio. Nywele za mgongoni hupulizwa au hupanguliwa kwa ncha ya kijiti kuona kama kuna manyoya laini chini yake. Kucha za mbele hutazamwa kwa ubavu. Mahali, tarehe na aina ya uoto huandikwa papo hapo, na picha hupigwa ya mwili mzima, ya tumbo na ya mkia ulionyooshwa kando ya rula. Kipimo cha sikio kikishindikana kwa kuwa hakuna sikio la kupima, hilo nalo huandikwa, kwani hapo mnyama karibu ameshajitaja.